Alama ya Jasi

Miaka ishirini na mmoja nilimbebea majalada
Jaji Roswitha Tjarks, chumba namba 114, mahakama ya Oldenburg,
na kila jalada lilikuwa zito kama tofali
kwa sababu ndani yake mlikuwamo nyumba ya mtu.

Wenzake walipewa mauaji, wizi wa benki,
waandishi wa habari wakiwafuata hadi ngazini.
Yeye alipewa vyoo vinavyovuja.
Alipewa paa la shule ya chekechea,
kuvu jeusi nyuma ya kabati la ajuza Ohlhoff,
vigae mia tatu na kumi na viwili vilivyolia vitupu vikigongwa,
na wanaume wazima waliotumiana mawakili
kwa ajili ya sentimita mbili za mteremko wa bafu.

Husemwa, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Yeye aliuliza: ufa ulianza lini?
Nani aliuona kwanza? Alimwandikia nani,
tarehe ngapi, na barua ilipokewa na mkono wa nani?
Methali aliiacha mlangoni, pamoja na miavuli.

Alhamisi ilikuwa siku ya matope.
Nyuma ya gari lake yalikaa mabuti ya mpira
na timazi ya marehemu baba yake, mwashi wa Leer,
aliyewahi kujenga ghala zima kwa ahadi ya mdomo
akalipwa kwa mdomo vilevile.
Hilo alinisimulia mara moja tu,
tukisubiri mvua ikome chini ya jukwaa la mafundi,
kisha akauliza kama nimekumbuka kalamu ya risasi.

Hakupenda kuhukumu. Alipenda wapatane.
"Bwana Krusche, kesi hii itakula miaka minne,
mtaalamu atakula elfu kumi na nane,
na ukuta utaendelea kunywa maji.
Gawaneni hasara leo, mkale nyumbani."
Kufikia saa nane wengi walikuwa wametia saini,
kila mmoja amenuna sawasawa na mwenzake;
hiyo ndiyo aliyoiita mizani.

Ila nyumba ya Mtaa wa Ziegelhof haikupatana.
Ufa ulipanda ngazi pamoja na wakazi,
toka stoo ya chini hadi ghorofa ya tatu.
Mtaalamu akabandika jasi juu yake, duara kama sarafu,
akaandika tarehe: 14 Machi.
Jasi ikipasuka, nyumba inatembea.
Isipopasuka, nyumba imelala.
Miezi kumi na minane haikupasuka.
Imelala, aliandika mtaalamu.
Imelala, aliandika jaji.
Akina Behrends wakashindwa, wakalipa gharama, wakahama.
Rufaa haikukatwa. Muhuri niligonga mimi.

Miaka tisa baadaye, juma lake la mwisho kazini,
aliniomba tupite huko kwa miguu.
Mlango wa chini ulikuwa wazi, mtu anahamisha godoro.
Jasi ilikuwapo, manjano kwa moshi wa sigara,
imepasuka katikati, upana wa unywele,
kumi na nne upande huu, Machi upande ule.

Akatoa timazi mfukoni,
akaishika hadi ilipoacha kuzunguka.
Hakupima kitu.
Sheria ilishafunga mlango huo, alijua kuliko mimi.
Mwenye godoro akatuomba tusogee.

Kwenye sherehe ya kumuaga walimpa shada,
wakataja hukumu zake elfu mbili zisizoyumba.
Yeye alikuwa akitazama pembe ya dari.
"Nani alipaka plasta hapa?" akaninong'oneza.

Jumatatu alirudi, si jaji tena,
akapanga foleni kwenye dirisha langu kama raia yeyote
na kuomba, kwa maandishi, anwani ya akina Behrends.
Ilinibidi nimkatalie.
Aliisoma barua yangu palepale, amesimama,
akanionyesha kwa kidole: nilisahau tarehe.